Futi tatu mbele ya mein swichi: historia ya nafasi tupu

Kabla hujaendelea kusoma, jibu swali moja haraka: mein swichi ya nyumbani kwenu iko wapi? Sizungumzii mita ya LUKU wala rimoti yake ya kuingizia tarakimu. Nazungumzia kile kisanduku chenye breka, ambacho ukishusha kidude kimoja nyumba nzima inazima. Sasa swali la pili. Ukitaka kukifikia usiku huu, gizani, bila kuhamisha kitu chochote, utakifikia?

Nimewauliza maswali haya watu wengi wa Mbeya na Iringa, kuanzia ndugu zangu hadi wanafunzi wenzangu na mama ninayenunua kwake mandazi asubuhi. Swali la kwanza wengi wanalijibu. La pili linafuatiwa na kicheko kidogo, halafu sentensi inayoanza na "ila sasa hivi kuna..." Kuna magunia. Kuna kabati la nguo. Kuna baiskeli, ndoo za rangi zilizobaki tangu nyumba ipakwe, godoro la wageni.

Nilianza kuuliza kwa sababu ya usiku mmoja wa mwezi Julai, nyumbani kwa baba mdogo, Uyole. Mavuno yalikuwa yameshaingia ndani. Kama unaijua Nyanda za Juu Kusini, unajua maana yake: mahindi yanakauka shambani kuanzia Mei, yanapukuchuliwa, yanajazwa kwenye magunia, na kwa familia isiyo na ghala magunia yanaingia stoo. Stoo ya baba mdogo ni chumba chembamba kati ya jiko na korido, na mein swichi imefungwa kwenye ukuta wake wa ndani kabisa. Magunia yalikuwa yamepangwa kutoka mlangoni hadi kwenye ukuta huo, na mengine juu ya mengine.

Ilikuwa kama saa tatu usiku, baridi kali, birika la umeme linachemsha maji, jiko la koili limewashwa, na binamu yangu anapiga pasi sare za shule. Tukasikia harufu, ile ya plastiki inayoungua ambayo ukishainusa mara moja huisahau. Taa zilikuwa zinawaka kama kawaida na breka haikuruka. Baba mdogo akafungua stoo, akavuta pumzi, akageuka: "Mwanangu, shika gunia upande ule." Tulihamisha magunia tisa. Mojawapo lilikuwa lumbesa, na wewe unajua uzito wa lumbesa. Tulipolifikia kabati la swichi, uso wake ulikuwa umegeuka kahawia upande mmoja, na gunia lililokuwa limeegemea pale lilikuwa na doa jeusi la ukubwa wa kiganja.

Hatukuungua. Lakini zile dakika za kuvuta magunia huku harufu ikizidi zilinifanya nijiulize: hivi hakuna sheria inayosema nafasi kiasi gani iachwe mbele ya kitu hiki? Jibu limenipeleka mbali kuliko nilivyotarajia, hadi London ya karne iliyopita, halafu likanirudisha stoo.

Kwanza, kwa nini breka haikuruka? Wengi wetu tunaamini breka inalinda dhidi ya kila kitu, na imani hiyo ndiyo inayotufanya tupange magunia bila wasiwasi. Breka hupima mkondo. Birika la kilowati 2 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 9, jiko la koili la kilowati 1.5 huvuta 6 na nusu, pasi ya kilowati 1 huvuta 4 na kidogo. Jumla ni kama ampea 20, na mein swichi ya nyumba inabeba hizo bila shida. Ila kama skrubu inayobana waya ndani ya swichi imelegea, pale kwenye mguso kunakuwa na ukinzani. Tuseme ni sehemu moja ya kumi ya omu. Joto linalozalishwa ni mkondo mara mkondo mara ukinzani: 20 mara 20 mara 0.1, yaani wati 40. Hicho ni kiasi cha pasi ya kuchomelea redio, kimekaa ndani ya kisanduku cha plastiki, na mkondo haujaongezeka hata kidogo. Breka haioni tatizo. Anayeliona ni pua yako, na dawa yake ni mkono wako kuifikia swichi.

Kwa hiyo nafasi mbele ya swichi si suala la fundi peke yake. Lakini historia yake ilianza na mafundi, tena wa viwandani.

Kanuni za kwanza za nyaya za umeme Uingereza zilitolewa mwaka 1882 na chama cha wahandisi wa simu za maandishi na umeme, ambacho baadaye kiliitwa IEE. Ukisoma jina lake tu unajua waliogopa nini: zilikuwa kanuni za kuzuia hatari ya moto inayotokana na taa za umeme. Marekani walipata kitabu chao cha kitaifa mwaka 1897, nao wasiwasi mkubwa ulikuwa moto, maana kampuni za bima zilikuwa mezani tangu mwanzo. Nafasi ya mtu kusimama haikuwa jambo kubwa bado.

Viwandani hali ilikuwa tofauti. Ubao wa swichi wa miaka ile haukuwa kisanduku. Fikiria ubao wa marumaru au jiwe jeusi, mrefu kama mlango, na mbele yake visu vya shaba vitupu unavyovisukuma kwa mkono kufunga na kufungua mkondo. Nyuma yake kuna mapande ya shaba, nayo matupu, na ujia mwembamba ambamo fundi anapita akifanya matengenezo huku umeme ukiwa umewashwa. Ukijikwaa, unashika shaba. Ukirudi nyuma hatua moja na ujia ni mwembamba, mgongo wako unagusa ukuta au shaba ya upande wa pili.

Mwaka 1902 serikali ya Uingereza ilimteua G. Scott Ram kuwa mkaguzi wake wa kwanza wa umeme viwandani. Mwaka 1908 zikatoka kanuni maalumu za umeme chini ya sheria ya viwanda, na humo, katika kanuni ya 17, ndimo nafasi tupu ilipopewa namba. Mbele ya ubao wenye shaba tupu ya volti za chini na za kati, ujia uwe na upana usiopungua futi 3 kuanzia kwenye shaba, na kimo kisichopungua futi 7. Kwa volti za juu, futi 3 na inchi 6. Kama kuna shaba tupu pande zote mbili za ujia, futi 4 na inchi 6. Sakafu iwe imara na sawa, na njia isizibwe.

Futi 3 ni sentimita 91. Simama mbele ya ukuta, kunja viwiko kama mtu anayekaza skrubu, halafu rudi nyuma hatua moja ya mshtuko. Umeshamaliza sentimita 91.

Namba ile ilisafiri vizuri. Wamarekani wanayo mpaka leo katika kitabu chao, nao wameipeleka mpaka nyumbani: mbele ya kabati la breka la nyumba ya kawaida kuwe na kina cha futi 3, upana wa inchi 30 (sentimita 76) au upana wa kabati lenyewe kama ni kubwa zaidi, na kimo cha karibu mita 2. Mlango wa kabati ufunguke nyuzi 90. Nafasi hiyo isigeuzwe stoo, na hilo limeandikwa waziwazi. Tena vifaa hivyo haviruhusiwi kuwekwa karibu na vitu vinavyoshika moto upesi, na mfano wanaoutaja ni kabati la nguo. Wenzetu wale wana vijichumba vya nguo vilivyojengwa ndani ya ukuta, na inaonekana kila kizazi cha wajenzi kimejaribiwa kuficha breka humo nyuma ya makoti.

Hapa kuna jambo lililonishangaza. Kina cha futi 3 ni kwa sababu nyumba ya Marekani ina volti 120 kati ya waya na ardhi. Ikizidi volti 150, kitabu chao kinaanza kuuliza: mbele ya kabati, upande wa pili, kuna nini? Kama ni ukuta wa zege, tofali au vigae, ukuta huo unahesabiwa kuwa ni ardhi, na kina kinapanda hadi futi 3 na nusu, yaani kama sentimita 107. Sasa angalia nyumba ya Mbeya. Volti ni 230. Ukuta ni tofali la kuchoma. Kwa kitabu cha Wamarekani, ambacho sisi hatukifuati, stoo ya baba mdogo ilihitaji nafasi kubwa kuliko ya nyumba yao, na nafasi iliyokuwepo ilikuwa sifuri.

Kwa nini tofali lihesabiwe ardhi? Tunazoea kudhani tofali na zege havipitishi umeme, na vikikauka kabisa ni kweli kwa kiasi. Lakini tofali lina matundu madogo yanayonyonya maji, na maji hayo yana chumvichumvi. Ukuta wa Tukuyu mwezi Machi, baada ya mvua za wiki nzima, umelowa kwa ndani hata kama unauona mkavu. Mwili wa binadamu nao, kutoka mkono hadi upande wa pili, una ukinzani wa kama omu 1,000 hadi 2,000 kwa volti hizi. Gawanya 230 kwa hiyo: miliampea 115 hadi 230. Linganisha na kipimo cha Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyewapima watu wa kujitolea kuona ni mkondo gani unaofunga misuli ya mkono usiweze kuachia. Wastani wa wanaume ulikuwa kama miliampea 16, wanawake kama 10 na nusu. Mkono umeshika waya, mgongo umeegemea tofali bichi, na njia ya umeme inapita kifuani. Nafasi tupu nyuma ya fundi ndiyo inayouondoa ukuta kwenye mzunguko huo.

Turudi kwetu. Umeme ulifika Nyanda za Juu Kusini kidogokidogo. TANESCO ilianzishwa mwaka 1931, lakini kwa muda mrefu kazi yake kubwa ilikuwa kaskazini mashariki, kwenye mkonge na maporomoko ya Pangani. Iringa ilipata kituo kidogo cha maji cha Tosamaganga mwaka 1951, kilowati 1,220. Mbeya ikapata Mbalizi mwaka 1958, kilowati 340. Hebu itafakari hiyo 340: birika 170 za kilowati 2 zikiwashwa kwa wakati mmoja, kituo kimekwisha. Misheni kadhaa nazo zilijifungia mitambo yao midogo kwenye mito ya Rungwe na Njombe. Gridi ya taifa, ile inayoanzia Kidatu, ilipanda Iringa na Mufindi na kufika Mbeya katika miaka ya 1980, wakati kiwanda cha karatasi cha Mgololo nacho kinajengwa.

Pamoja na nyaya zilikuja kanuni, na kanuni zilikuwa za Waingereza. Zilikuja katika mafungu mawili, na hapo ndipo mambo yalipoachana. Sheria za viwanda zilikuwa na moyo wa 1908: ujia, upana, njia isiyozibwa. Tanganyika ilikuwa na sheria yake ya viwanda ya mwaka 1950, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Kenya wana kanuni zao za umeme viwandani za 1979, na ukizisoma unasikia sauti ya 1908 kabisa. Fungu la pili ni kitabu cha IEE cha nyaya za majumbani, ambacho mafundi wetu wa vizazi vingi walifundishwa. Hicho, kwa nyumba, hakina futi tatu. Kinasema vifaa viwekwe mahali ambapo vinaweza kufikiwa kwa urahisi, kuendeshwa, kukaguliwa na kutengenezwa. Basi. Kanuni za kimataifa za leo zinasema vilevile.

Usiwalaumu haraka walioandika. Namba ya 1908 ilikuwa ya shaba tupu. Kisanduku cha nyumbani kimefunikwa, na mwenye nyumba hafanyi kazi ndani yake. Pia nyumba za Uingereza ni ndogo, na wao wenyewe wameficha visanduku vyao chini ya ngazi miaka yote, pamoja na fagio na makoti ya mvua. Mhandisi wa London aliyeandika "kwa urahisi" alikuwa na picha ya nyumba kichwani. Haikuwa picha ya nyumba ambayo kila Julai inapokea gunia kumi na tano za mahindi.

Lakini mbona nyumba zetu za zamani hazikuwa na tatizo hili kwa ukali huu? Stoo zilikuwepo, mahindi yalikuwepo. Nilimuuliza fundi mmoja mzee wa Iringa, ambaye amefanya wayaringi tangu enzi za mbao na fyuzi za kauri. Nilimkuta Kihesa, kwenye kibanda chake.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene, mjukuu wangu. Karibu kiti."

Nikamwambia habari ya magunia. Akacheka, akasema zamani gunia lisingekaa pale wiki mbili. "Msoma mita angelitoa."

Nimeifikiria sentensi hiyo kuliko kitabu chochote nilichosoma kwa ajili ya makala hii. Kila mwezi mtu alikuja na daftari kusoma mita, na mita mara nyingi ilikuwa ubao mmoja na mein swichi. Asipoiona, ankara inakuja ya kukisia, na hakuna anayependa ankara ya kukisia. Kwa hiyo njia iliachwa. Halafu kulikuwa na fyuzi. Fyuzi ya kauri ikikatika, mtu mzima wa nyumba alikwenda na tochi, akavuta kauri, akafunga uzi mpya wa waya, akairudisha. Hata familia isiyojua lolote kuhusu futi tatu iliacha nafasi ya baba kusimama, kwa sababu ilijua atasimama pale tena kabla mwezi haujaisha.

Kisha vikaja vifaa bora. Breka zikachukua nafasi ya fyuzi, na breka haikatiki kila mara. Miaka ya 1990 ikaja LUKU, na msoma mita akaacha kuja. Mwanzoni LUKU iliendelea kuilinda njia, maana kisanduku chenye vitufe kilikuwa ndani, na kila umeme unapokwisha ilibidi uende ukabonyeze tarakimu 20. Ikaja mita ya kugawanyika: yenyewe iko juu ya nguzo au nje, na wewe una rimoti unayoichomeka kwenye soketi ya sebuleni huku unaangalia taarifa ya habari. Ni kitu kizuri, siwezi kukisema vibaya. Ila mgeni wa mwisho wa mein swichi ndiyo akawa ameondoka. Kila hatua ya maendeleo iliondoa sababu moja ya mtu kwenda pale, na mahali ambapo hakuna mtu anakwenda, katika nyumba yoyote ya Kiafrika ninayoijua, huwa panapata jina jipya: stoo.

Na kwa nini fundi anaiweka stoo tangu mwanzo? Mzee wa Kihesa alinipa sababu tatu huku anakunja waya. Waya kutoka nguzoni huingia kwenye paa upande wa nyuma, na stoo iko nyuma, hivyo waya mfupi. Mama mwenye nyumba hataki kisanduku sebuleni, kinaharibu ukuta. Na watoto. Kwa sababu ya watoto huwekwa juu pia, karibu na siling bodi, ili mtu mzima apande kigoda. Waingereza, kwa ajili ya wazee na watu wenye ulemavu, siku hizi wanataka swichi za kisanduku kipya ziwe kati ya sentimita 135 na 145 kutoka sakafuni. Nilipomwambia hivyo alifikiri kidogo, akasema: "Na mimi sasa goti linauma. Wana akili."

Stoo ya mahindi ina matatizo yake ambayo kabati la makoti la Marekani halina. Panya ni la kwanza. Panya hafuati umeme, anafuata mahindi, lakini akishafika anatafuna chochote anachokikuta, pamoja na ganda la waya. La pili ni vumbi na makapi ya mahindi, ambayo hukaa juu ya kisanduku na kushika moto kirahisi. La tatu halizungumzwi kabisa, nalo ni vile vidonge vya kuua wadudu vinavyotoa gesi ya fosfini. Kwanza kabisa: vidonge hivyo havitakiwi kutumika katika nyumba wanamolala watu. Gesi ile inaua, na haichagui kati ya dumuzi na mtoto. Lakini watu wanavitumia, na gesi ileile inakula shaba. Wahifadhi wa nafaka duniani wanalijua hilo, ndiyo maana hushauriwa kuondoa au kuziba vifaa vya umeme kabla ya kufukiza ghala. Waya ni shaba. Mguso ukiliwa, ukinzani unaongezeka, na umesharudi kwenye hesabu yangu ya wati 40. Sisemi ndicho kilichotokea Uyole, kwani fundi aliyekuja kesho yake alikuta skrubu imelegea na hakutafuta zaidi. Ila harufu ya vidonge niliisikia.

Waingereza walishtushwa na moto wa visanduku vyao vya chini ya ngazi miaka kumi na kitu iliyopita. Zima moto wa London walikuwa wanaona moto mwingi unaoanzia kwenye visanduku vya plastiki, na ngazi ndiyo njia ya kutorokea. Suluhisho lao: kuanzia Januari 2016, kisanduku kipya nyumbani kiwe cha kitu kisichoungua, kwa kawaida chuma. Tazama walichochagua. Wamarekani walikitoa kisanduku kwenye nguo. Waingereza waliziacha nguo, wakabadilisha kisanduku. Mimi naona Wamarekani wako karibu zaidi na ukweli wa stoo yetu, kwa sababu chuma kinazuia moto usitoke lakini hakiusogezi mkono wako karibu na swichi. Unaweza kunipinga. Chuma ni rahisi kukagua dukani, na hakuna mkaguzi atakayekuja nyumbani kwako kila Julai kupima umbali wa gunia.

Ukitaka kuona namba ya 1908 ikiwa hai huku kwetu, ingia kiwandani. Nilipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika kiwanda kimoja cha ukanda huu, mbele ya kila kabati la umeme kulikuwa na mraba wa mistari ya njano sakafuni. Siku moja kijana aliegesha toroli ndani ya mraba, msimamizi akamfokea mpaka tukamwonea huruma. Kijana yule jioni alirudi kwenye chumba chake cha kupanga, ambako mein swichi iko nyuma ya kabati.

Na ukitaka kuiona nyumbani, usiende kwenye nyumba kubwa. Nenda kijijini, Mufindi au Mbarali, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyounganishiwa umeme kupitia miradi ya REA. Wengine hawakuweza kulipia wayaringi ya nyumba nzima, wakafungiwa kile kifaa kinachoitwa UMETA, Umeme Tayari: ubao mmoja mdogo wenye breka, soketi na mahali pa balbu. Hauna pa kufichwa. Uko ukutani kwenye chumba cha mbele, kimo cha mkono, na chini yake watu wanapita kutwa nzima kwa sababu ndipo simu zinapochajiwa. Pima kuanzia pale kwenda mbele na utapata sentimita 91 zako bila mtu yeyote kuzikusudia.

Baba mdogo hakuihamisha mein swichi. Fundi alitaja bei ya kurefusha nyaya hadi koridoni, na baba mdogo akasema mahindi yakipanda bei tutaona. Walichofanya ni kukaza skrubu zote, kubadilisha kisanduku kilichoungua, na kukishusha hadi usawa wa kifua. Kisha mama mdogo akachukua chaki ya mtoto, akachora mstari sakafuni kutoka mlangoni hadi ukutani. Nilimwambia futi tatu. Akaipima kwa miguu yake mwenyewe, hatua kisigino kwa kidole, tatu na kidogo, na upana wa mtu mmoja anayepita na tochi.

Mwezi Desemba nilirudi. Radi za Uyole zilikuwa zimeanza, zile za jioni zinazotikisa bati, na magunia bado yalikuwepo sita. Mvua ilipokaribia mama mdogo aliinuka, akaingia stoo, nikasikia breka inashuka. Alirudi ndani ya sekunde kama kumi, akakaa. Chaki ilikuwa imefutika zamani. Pale ilipokuwa walikuwa wamepaka rangi nyekundu, ile iliyobaki kwenye ndoo.